Ua Lisilonyauka

Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni
Masomo: Mathayo 6:28–30, Kumbukumbu la Torati 22:6–7, Yohana 2:1–11

Wewe mama unayekoroga uji wa watoto, nawe mzee uliyeketi mlangoni na redio yako ukingoja jua lipande, nawe mgonjwa uliye kitandani, karibuni tukae pamoja kwa muda mfupi tulitafakari Neno la Mungu.

Leo ningependa tuwaze pamoja juu ya maua ya arusi. Labda mmoja wenu atasema, “Mchungaji huyu amekosa la kuhubiri. Watu wana shida ya karo na mbolea, naye anazungumza habari za maua!” Ndugu yangu, nivumilie kidogo. Hata mimi zamani niliyahesabu maua kuwa jambo dogo, la vijana na akina mama. Mungu alinifundisha vingine, na alinifundisha kwa njia ya ng'ombe mmoja.

Ninyi mnaokaa kati ya Kitale na Bungoma mnaijua hali ya barabara yetu siku ya Jumamosi katika mwezi wa Desemba. Mahindi yamekwisha kuvunwa, watoto wamefunga shule, na ndugu zetu walioko Nairobi na Mombasa wamerudi nyumbani. Kutoka Kitale hata Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, utapishana na magari ya arusi moja baada ya jingine, yakipiga honi. Mbele yamefungwa utepe na maua. Ukiyatazama kwa mbali utasema ni waridi. Ukikaribia utaona ni plastiki.

Jambo hili linanishangaza. Katika mitelemko ya Mlima Elgon, upande wa Endebess, waridi hulimwa katika mashamba makubwa. Hukatwa, hufungwa vizuri, na kusafirishwa kwa ndege hata Ulaya ili kupamba meza za watu wa huko. Nasi tulio chini ya mlima uleule twanunua ua la plastiki lililoletwa kwa meli kutoka ng'ambo, twalitundika kanisani, kisha twasimama chini yake na kumwimbia Mungu aliyeumba maua.

Sasa niwaambie habari ya ng'ombe.

Mwaka 2018 nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya arusi katika ushirika wetu. Bwana arusi alikuwa mwalimu, na bibi arusi alikuwa mshonaji wa nguo. Hawakuwa watu wenye mali. Tulipokaa kupanga matumizi, mama mmoja katika kamati aliuliza kama maua ya nyumbani hayatoshi. Mimi ndimi niliyemjibu. Nilisema, “Mama, hii ni nyumba ya Mungu. Tusilete majani ya kichakani.” Watu wote wakanyamaza. Hawakunyamaza kwa kuwa nilisema kweli. Walinyamaza kwa kuwa mimi ni mchungaji wao.

Basi tukamwita mpambaji kutoka mjini. Akaleta maua ya plastiki, vitambaa, baluni, sponji za kijani za kuchomekea maua, na utepe wa zambarau, rangi niliyoichagua mimi mwenyewe. Kanisa likapendeza, sitasema uongo. Lakini fedha za pambo zilizidi fedha za chakula cha wageni, na wale vijana wawili wakaanza nyumba yao wakiwa na deni la pambo lililodumu kwa muda wa saa tano tu.

Siku ya Jumatatu maua ya kukodi yakarudishwa mjini. Lakini utepe uliokatwa, baluni zilizopasuka na vipande vya maua yaliyovunjika havikuwa na mwenyewe. Tulivitupa shimoni nyuma ya kanisa. Vingine tulivichoma, na moshi mweusi ukapita juu ya nyumba za majirani. Kisha upepo wa Januari ukavuma, ukavitoa shimoni vile vilivyobaki, ukavitawanya hata malishoni.

Mwezi wa Machi mama mmoja mjane, jirani wa kanisa letu, alinitumia ujumbe nifike kwake. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa yale ndiyo yaliyolipa karo ya wajukuu wawili. Ng'ombe alikuwa amekonda kwa majuma mengi. Aliacha kucheua, tumbo likavimba, kisha akafa. Daktari wa mifugo alimpasua mbele yetu. Tumboni mlikuwa na donge kubwa kama kichwa cha mtoto: kamba za nailoni, makaratasi ya plastiki na utepe, vimesokotana pamoja. Haviwezi kupanda vikatafunwe tena, wala haviwezi kushuka. Si vyote vilikuwa vya arusi ile; vingine vilikuwa vya siku nyingi. Lakini ule utepe wa zambarau niliutambua.

Mama yule hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, “Mchungaji, ng'ombe wangu amekula arusi yenu.”

Ndugu wasikilizaji, nimehubiri miaka mingi, lakini sikuwahi kuhubiriwa namna ile. Tulichanga tukamnunulia mtamba. Lakini mtamba hautoi maziwa siku ile unapoletwa, na mjukuu mmoja alikaa nyumbani muhula mzima. Nilikwenda kumwomba mama yule msamaha. Kisha nikasimama mbele ya ushirika nikaomba msamaha tena, nikamtaja yule mama wa kamati ambaye nilimnyamazisha.

Mwingine atauliza, “Je, serikali haikuyaondoa mambo haya ya plastiki?” Ni kweli, tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, na adhabu yake ni kubwa. Wale wanaokumbuka jinsi mifuko ile ilivyoning'inia kwenye ua wa kila nyumba watamshukuru Mungu kwa sheria ile. Lakini sheria ya mifuko haikugusa utepe, wala baluni, wala ua la plastiki. Sheria hufika mahali ikasimama. Kutoka hapo ni dhamiri inayopaswa kuendelea na safari.

Tulifungue sasa Neno la Mungu. Katika Mathayo sura ya 6 Bwana Yesu anawaonyesha wanafunzi wake maua yanayoota yenyewe kondeni. Anawaambia kwamba mfalme Sulemani, pamoja na utajiri wake wote, hakuvaa vizuri kuliko ua moja la namna hiyo. Mara nyingi tumelisoma neno hili kwa ajili ya kuwafariji wenye hofu ya chakula na mavazi, nasi tumefanya vema. Lakini angalieni jambo moja. Bwana anasema wazi kwamba majani yale yapo leo, na kesho yatatiwa motoni. Anajua kwamba yatanyauka. Wala hasemi kwamba kwa sababu hiyo uzuri wao ni mdogo. Mungu amelivika ua la siku moja vazi linalompita mfalme, naye haoni kwamba amepata hasara.

Ni sisi tunaoona hasara. Twasema, “Ua hili litanyauka kabla ya picha kupigwa. Nipe lile lisilonyauka.” Nasi twapewa ua lisilonyauka. Halinyauki kanisani, halinyauki shimoni, halinyauki tumboni mwa ng'ombe. Ua lile lisilokufa ndilo lililoua.

Ndugu zetu Wanandi na Wakipsigis wana desturi nzuri katika arusi zao za kimila. Bwana arusi na bibi arusi hufungana mkononi nyasi iitwayo segutiet. Ni nyasi tu, jamani! Haitaziona siku nyingi. Lakini wazee waliona inafaa kushuhudia ahadi ya maisha yote. Walijua kwamba linalopaswa kudumu si kile kilichofungwa mkononi. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 13, anatuambia ni kitu gani kisichopungua neno wakati wowote, nacho ni upendo. Kama upendo upo, ua na linyauke jioni. Kama upendo haupo, ua la plastiki litakaa ukutani miaka ishirini, likikusanya vumbi juu ya watu wawili wasiosemezana.

Neno la pili liko katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Ni amri ndogo ambayo wengi huipita haraka. Mungu anamwambia Mwisraeli kwamba akikuta kiota cha ndege njiani, naye mama amelalia makinda au mayai, asimchukue mama pamoja na watoto. Anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama amwache aende zake. Kwa nini? Kwa sababu mama akibaki, kiota kingine kitajengwa. Mungu hakutukataza kutumia vitu vya dunia. Alitukataza kuvimaliza. Nami naona amri ile yafaa kabisa kwa maua: chuma ua, acha mzizi. Kata tawi, acha shina.

Nasema hivi kwa maana mtu anaweza kuiacha plastiki akaenda kufanya ubaya mwingine. Anaweza kusikia mahubiri haya, kisha kesho akaingia msituni na panga, akashusha miti michanga kwa ajili ya arusi ya saa tano. Au akaingia katika vinamasi akafyeka mafunjo. Karibu na Kitale tunayo hifadhi ya Saiwa Swamp, iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa katika Kenya, eneo lake halifiki hata kilometa 3 za mraba. Iliwekwa kwa ajili ya mnyama mmoja mwenye haya, sitatunga, ambaye hujificha ndani ya mafunjo na huishi penye majimaji. Mafunjo yakiisha, sitatunga hana nyumba. Basi arusi isijenge nyumba ya watu wawili kwa kuibomoa nyumba ya kiumbe mwingine.

Sasa nataka niwaeleze arusi ya pili, ili msiseme kwamba mchungaji ameleta lawama bila dawa.

Mwaka 2022 binti mmoja wa upande wa Kamukuywa alikuja kwangu pamoja na mchumba wake. Binti ni Mbukusu. Kijana ni Msabaot, kwao ni juu mlimani, upande wa Kapsokwony. Wazee mnaonisikia mnajua uzito wa jambo hili. Mnayakumbuka mapigano ya mwaka 1992. Mnaikumbuka miaka ya 2006 hadi 2008 katika Mlima Elgon, watu walipolala vichakani pamoja na watoto wao. Katika jamaa zote mbili walikuwako waliozika.

Mama wa binti hakuipinga ndoa. Lakini aliogopa dharau. Alitaka arusi itakayowafunga watu midomo, yenye pambo la mjini, hata kama ni kwa mkopo. Binti akasema, “Mama, mimi nataka maua ya hapa kwetu. Mwezi huu maua amalulu yamechanua kila mahali.”

Wale msioyajua kwa jina hilo, maua amalulu ni yale ya manjano, makubwa kama alizeti ndogo, yanayoota kwenye ua za mashamba na kando ya barabara zetu zote. Asili yake ni Mexico. Jina lake la Kiluhya maana yake ni maua machungu, kwa sababu majani yake ni machungu. Mama akashika kichwa. “Maua amalulu! Hayo ni ya kuzibia boma la ng'ombe. Watu wa mlimani watakuja wakute tumewapambia kwa magugu, tena machungu?”

Ndipo nyanya yake binti aliponena, naye alikuwa amekaa kimya pembeni. Alisema, “Uchungu wake uko kwenye majani, hauko machoni. Na shamba lililokulisha wewe nililitia majani hayo mwaka ule nilipokosa fedha za mbolea.”

Nyanya yule alisema kweli. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa kilimo waliofanya kazi Maseno na vijiji vya magharibi ya Kenya wameyapima majani ya mmea huu, wakaona yana chakula kingi cha mimea, hasa naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Yakikatwa na kufukiwa udongoni huoza upesi, na mahindi hufaidika. Mnaona basi? Lile tuliloliita gugu lilikuwa limetulisha siku zote.

Siku ya arusi ilipofika, vijana waliamka alfajiri, umande ukiwa bado. Walikata maua kwenye ua za majirani kwa ruhusa yao, wakayatia ndoo za maji mara moja. Mlangoni pa kanisa walisimamisha migomba miwili. Haikuwa migomba michanga; ilikuwa imekwisha kuzaa na ndizi zake zimekwisha kuvunwa. Mkulima anajua kwamba mgomba huzaa mara moja tu, kisha hukatwa ili machipukizi yapate nafasi. Wakatoboa mashimo kwa kijiti kilichochongwa, wakachomeka maua ya manjano katika shina. Shina la mgomba lina maji mengi, na maua yale yalisimama hata jioni.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna kamati iliyolipanga. Mama wa kijana alishuka kutoka mlimani na kikapu. Ndani yake mlikuwa na sinendet, ule mmea utambaao ambao Wakalenjin huwavika watu wanaowaheshimu. Mmewaona wanariadha wetu wakivikwa wanaporudi na ushindi. Aliukata kwenye ua wa shamba lake mwenyewe. Hakusema neno. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaanza kuuzungusha kwenye mgomba. Mama wa binti alimtazama kidogo, kisha akaenda kumshikia upande wa pili. Mgomba wa Mbukusu ukavikwa sinendet ya Msabaot, na wale mama wawili wakaufunga kwa kamba za mgomba.

Mimi nilikuwa nimeandaa mahubiri marefu juu ya upatanisho. Nilipoona vile, niliyafupisha.

Sasa sikilizeni mwisho wa arusi ile, maana nimejifunza kwamba arusi huisha Jumatatu. Siku ya Jumatatu tulikusanya maua na matawi, tukayakatakata, tukayarundika nyuma ya kanisa yawe mboji, mahali palepale palipokuwa na shimo la utepe. Mwezi wa Aprili, mvua ilipoanza, akina mama waliichukua mboji ile wakaitia katika shamba la kanisa. Na ile migomba? Tulitoa kwanza maua na sinendet yote, tukaikatakata, tukampelekea yule mama mjane. Mtamba wake wakati huo alikuwa ng'ombe mwenye ndama, na kiangazi majani huwa haba. Mama akamwekea, ng'ombe akala. Mama akacheka mpaka akafuta machozi, akaniambia, “Mchungaji, leo ng'ombe wangu amekula arusi tena.”

Labda katika ushirika wako arusi iko karibu, na unauliza, “Tufanyeje?” Nitakupa mashauri machache, nayo yamejaribiwa.

Kwanza, mwezi mmoja kabla ya arusi, tembea uone ni nini kinachochanua. Usichague rangi kwanza kisha ukatafute maua. Tazama Mungu ameweka nini mwezi huo, ndipo uchague rangi. Utaona bogenvilia kwenye lango la shule. Utaona lusiola mipakani mwa mashamba, yenye maua ya manjano. Lusiola ukikatwa tawi huchipuka tena, na wengi huupunguza matawi hata bila arusi. Utauona ule mti wenye maua mekundu, Nandi flame, ambao watoto huchuma vitumba vyake na kurushiana maji. Ua lake hulegea upesi likikatwa, kwa hiyo liache juu ya mti, mpiganie picha chini yake.

Pili, omba ruhusa. Ua lililo kwenye shamba la mtu lina mwenyewe, hata kama halina bei. Usimalize kichaka kimoja; chukua kidogo hapa, kidogo pale, ili nyuki naye apate riziki. Na maua amalulu yakateni kabla hayajatoa mbegu, wala msiyapande mahali papya, kwa maana huenea mno.

Tatu, kata alfajiri au jioni, kwa kisu kikali, na ndoo ya maji iwe karibu nawe. Maua yaliyokatwa mchana juani yatalegea kabla ya bibi arusi kuvaa viatu.

Nne, acheni ile sponji ya kijani. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, na wapambaji wengi huitegemea. Lakini ni plastiki. Ikikauka husagika kuwa unga, na unga ule hauozi. Huko Uingereza, chama kikubwa cha watunza bustani, Royal Horticultural Society, kimeikataza katika maonyesho yake tangu mwaka 2021. Hapa kwetu unga ule ukimwagwa mtaroni, mvua itaupeleka kijitoni, na kijito kitaupeleka Mto Nzoia. Nzoia hupita Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole, huendelea mpaka Ziwa Victoria. Taka za arusi ya Kitale zaweza kufika mezani kwa mvuvi wa Budalang'i. Tumieni shina la mgomba, au chungu chenye mchanga na maji, au kibuyu, au waya wa kuku uliokunjwa, ambao utautumia tena mwakani. Badala ya utepe, fungeni kwa kamba ya katani au ya mgomba.

Tano, angalieni sumu. Si kila ua zuri lafaa kuwekwa juu ya keki au karibu na mikono ya watoto wadogo. Waulizeni wazee wanaoijua mimea, na lile msilolijua liacheni.

Sita, chagueni kamati ya Jumatatu siku ileile mnapochagua kamati ya arusi. Iwe na mwenyekiti, na mwenyekiti awe mchungaji. Nasema hivi kwa kuwa ninajua kwa nini nasema.

Nawe kijana, au dada, mwenye kazi ya kupamba, usidhani kwamba nimekuja kukunyang'anya chakula. Mkono wako na jicho lako ndivyo watu wanavyolipia. Shina la mgomba si pambo mpaka mtu mwenye ujuzi aliguse. Omba malipo ya ujuzi wako, nayo ni haki yako. Na ukitaka kuongeza waridi, nunua zile zilizokua chini ya mlima huu, ili fedha ya arusi imfikie mama anayelima hapa. Usiwafanye vijana maskini wakope kwa ajili ya vitu vitakavyotupwa.

Nimalizie kwa wale wazazi wanaoogopa aibu, kama yule mama wa binti. Msidhani kwamba nawacheka. Aibu ya arusi ni kitu cha kweli. Biblia inajua jambo hilo. Katika Yohana sura ya 2 tunasoma juu ya arusi ya Kana, ambapo divai ilikwisha wageni wakiwa bado wameketi. Bwana wetu hakusema, “Hilo ni jambo dogo, niacheni nihubiri.” Aliwaondolea watu wale aibu yao. Lakini tazameni aliwaondolea kwa kitu gani. Hakutuma watu mjini. Aliangalia nyumbani mle, akaona mitungi ya mawe iliyokuwapo siku zote kwa ajili ya kunawa, akasema ijazwe maji. Yaliyokuwapo ndiyo aliyoyatumia, na mkuu wa meza akaonja akaona ni mazuri kuliko ya kwanza.

Ndugu msikilizaji, ni nini kilichopo nyumbani kwako leo ambacho umekidharau kwa sababu hakina bei? Labda ni ua la mpakani. Labda ni ushauri wa nyanya aliyekaa kimya pembeni. Labda ni mkwe kutoka mlimani, ambaye bado hujamkaribisha kwa moyo wote. Mletee Bwana kile kilichopo. Yeye hajawahi kuona haya kwa kutumia kitu cha nyumbani.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeyavika maua ya kondeni, tusamehe kwa kuwa tumeona haya kwa kazi ya mikono yako, tukajivunia kile kinachowaumiza jirani zetu na wanyama wao. Wabariki vijana wote wanaojiandaa kwa arusi mwaka huu, huko Kitale, huko Bungoma na kila mahali sauti hii ifikapo. Uwaepushe na deni la majivuno. Uwape upendo usionyauka. Wafariji wale waliopotewa na mali yao kwa uzembe wetu, na utufundishe kulipa tulichoharibu. Utupe macho ya kuona uzuri ulio karibu, na mikono ya kuchuma pasipo kung'oa. Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyekuwa mgeni katika arusi ya Kana. Amina.